Umefungwa vyuma vya meno: mswaki wa umeme au wa kawaida? Pima kwanza, nunua baadaye

Kila anayetoka chumbani kwa daktari akiwa amefungwa vyuma hupita mezani kwangu kuchukua miadi. Midomo haifungi vizuri, ulimi unahangaika kuzoea wageni, na kabla hata sijaandika tarehe, swali limeshafika: "Dada, sasa ninunue mswaki wa umeme?" Nafanya kazi ya usaidizi kwenye kliniki ya meno hapa Dar es Salaam, na mimi mwenyewe nilivaa vyuma miezi 26, kwa hiyo swali hili nimeliuliza na nimeliulizwa. Naandika ili nikiulizwa tena niwe na pa kumwelekeza mtu.

Jibu langu ni hili: leo usinunue. Tumia mswaki wa kawaida kwa wiki mbili, kwa namna nitakayoeleza, kisha pima meno yako kwa rangi. Rangi ndiyo itakayokwambia kama unahitaji mashine au unahitaji dakika mbili zaidi mbele ya kioo. Wengi wanaonisikiliza huishia kubaki na hela yao. Wachache huenda kununua, na wanakwenda wakijua wanachokitafuta.

Wapo ambao hawana haja ya kupima. Kama mikono yako inatetemeka, vidole vina maumivu ya viungo, au unamhudumia mtu mwenye ulemavu asiyeweza kuuzungusha mswaki mwenyewe, nenda moja kwa moja hatua ya 8, mswaki wa umeme ni wako. Na kama tayari unao kabatini, hakuna wa kukukataza kuutumia. Anza hatua ya 9, kisha rudi ujipime.

Maneno machache kabla ya kazi

Nitatumia neno "vifungo" kwa vile vidude vidogo vilivyogundishwa kwenye kila jino, "waya" kwa waya unaopita katikati yake, na "raba" kwa vile viduara vya mpira vinavyoushika waya. Ukoga ni ule utando laini, mweupe au wa njano, unaojijenga kwenye meno. Wakati huna vyuma, ulimi, mate na shavu huusugua kidogo mchana kutwa. Ukishafungwa vyuma, ukoga unapata maficho, hasa ule mstari mwembamba kati ya kifungo na ufizi. Bakteria waliomo hula sukari unayokula na kutoa asidi, nayo asidi hulegeza ganda la jino. Alama nyeupe kama chaki zinaweza kuanza kuonekana ndani ya mwezi mmoja tu. Nimeona kijana anavuliwa vyuma, meno yamenyooka kama mahindi kwenye gunzi, na kila jino la mbele lina fremu nyeupe kuzunguka pale kifungo kilipokuwa. Fremu hiyo haifutiki kwa mswaki wowote.

Kuhusu ushindani wa miswaki yenyewe: mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2014 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikuta kwamba baada ya miezi mitatu, waliotumia mswaki wa umeme walikuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 21 hivi kuliko waliotumia wa kawaida. Ni tofauti ya kweli. Lakini hayo ni matokeo ya watu kwa jumla. Tafiti zilizowaangalia wenye vyuma peke yao hazijakubaliana, nyingine zinaona faida, nyingine hazioni. Cha kuchekesha ni kwamba mswaki wa kwanza wa umeme uliofanikiwa sokoni, Broxodent, uliobuniwa Uswisi mwaka 1954, ulilengwa hasa kwa makundi mawili ya watu: wenye shida ya kutumia mikono na waliovaa vyuma.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mswaki wa kawaida wenye nywele laini na kichwa kidogo. Ukipata ule wa watu wa vyuma, ambao safu ya katikati ya nywele ni fupi kuliko za pembeni kama mfereji, ni bora zaidi, kwa sababu kifungo kinakaa ndani ya mfereji huo. Usipoupata, mswaki laini wa mtoto mkubwa unafaa kabisa.
- Vibrashi vya katikati ya meno, vile vidogo vyenye umbo la mti wa Krismasi. Nunua saizi mbili tofauti.
- Dawa ya meno yenye floridi. Soma nyuma ya tyubu: tafuta namba kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani kipimo cha kiasi cha floridi kilichomo. Wengi wa watu wazima hutumia ya 1450.
- Kioo na tochi ya simu.
- Vidonge au maji ya rangi ya kuonyesha ukoga, kutoka kwa daktari wako au duka la dawa. Ukikosa, rangi ya chakula nyekundu au ya buluu, ile ya kutilia keki, na vijiti vya pamba vya masikio.
- Mafuta ya kupaka ya mgando kwa ajili ya midomo siku ya rangi. Na fulana kuukuu.
- Nta ya vyuma uliyopewa siku ya kufungwa. Kama hukupewa, rudi ukaiombe.

Kazi yenyewe

1. Piga picha ya meno leo. Simama mahali penye mwanga wa dirisha, vuta midomo kwa vidole, piga mbele, kulia na kushoto. Watu hudharau hatua hii, kisha baada ya miezi sita wananijia na alama wasiyojua imetoka wapi. Ni muhimu zaidi kama umekulia Arusha, Kilimanjaro, Singida, Nakuru au Naivasha, ambako maji mengi ya ardhini yana floridi zaidi ya kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno yenye madoa ya kahawia au mawimbi meupe ya maji hayo yalipata alama zake utotoni, wakati jino bado linajijenga ndani ya taya. Sizo alama za vyuma. Picha itakusaidia kutofautisha. (Na usiogope dawa yenye floridi kwa sababu hiyo. Meno yako ya mbele yalishamaliza kujijenga, na ukitema dawa haikuongezei madoa ya aina ile.)

2. Sukutua kwa maji kabla ya mswaki. Jaza mdomo, sukuma maji kwa nguvu kati ya meno kulia na kushoto, tema. Rudia mara mbili. Vipande vya nyama na sukumawiki vilivyonasa kwenye waya vitoke kwanza. Ukianza kupiga mswaki navyo, utakuwa unavisukuma ndani. Kama umekunywa soda, juisi ya ukwaju au ya ndimu, sukutua, kisha subiri kama nusu saa ndipo upige mswaki.

3. Pitisha mswaki mara tatu kwa kila kundi la meno. Hapa ndipo penye kazi yote, soma polepole.

Dawa iwe ukubwa wa punje ya njegere. Ukijaza mswaki mzima, povu litakufanya uteme mapema na usione unachofanya.

Mpito wa kwanza: kati ya kifungo na ufizi. Laza nywele za mswaki pembe ya nyuzi 45 hivi, nusu zikigusa ufizi na nusu zikigusa jino, kisha zungusha vijiduara vidogo. Mswaki usisafiri, ubaki kwenye jino moja au mawili kwa sekunde tano hivi, ndipo usogee. Mpito wa pili: juu ya kifungo chenyewe, moja kwa moja. Mpito wa tatu: upande wa pili wa kifungo, ule wa ncha ya jino. Geuza mkono ili nywele zielekee kwenye ufizi na kuingia chini ya waya.

Anza na gego la mwisho juu kulia, nenda hadi gego la mwisho juu kushoto, shuka chini, rudi. Anzia palepale kila siku. Ukianza popote panapokujia, kuna kona utaisahau, na mara nyingi itakuwa ileile.

Weka saa. Zile dakika mbili zinazosemwa kila mahali ni za mtu asiye na vyuma. Wewe hesabu nne, za usiku zikiwezekana tano.

4. Ingiza kibrashi chini ya waya. Kutoka juu kwenda chini, kati ya kifungo na kifungo, sukuma na kuvuta mara tatu au nne. Kisha rudi kutoka chini kwenda juu. Bila dawa ni sawa, kichovye tu kwenye maji. Kikikataa kuingia, usilazimishe, chukua saizi ndogo. Kikiingia na kucheza bila kugusa kitu, chukua kubwa. Mara moja kwa siku inatosha, usiku.

Hatua hii haina mbadala. Uwe na mswaki wa shilingi elfu mbili au wa laki mbili, hakuna unaofika vizuri pale. Anayeuliza habari za mswaki wa umeme na hana kibrashi, mimi humwambia akanunue kibrashi kwanza.

5. Ndani na juu ya magego. Huku hakuna vyuma, piga kama ulivyozoea. Meno ya chini ya mbele, upande wa ulimi, simamisha mswaki wima utumie ncha yake. Ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe, hupenda sana kujijenga pale.

6. Tema dawa, usisukutue. Acha ile ladha ibaki mdomoni. Ukisukutua kwa maji mara moja, floridi nyingi imekwenda sinkini. Hili watu wengi hawalipendi siku ya kwanza, kufika wiki ya pili wamezoea.

Fanya hatua ya 2 hadi ya 6 asubuhi na usiku kwa siku 14, ila kibrashi cha hatua ya 4 ni usiku tu. Mchana baada ya chakula, kama uko kazini au shuleni, kusukutua na kupitisha mswaki haraka mbele ya kioo cha chooni kunatosha.

7. Siku ya 14, jipime kwa rangi. Kama raba zako ni zile zisizo na rangi, ahirisha kipimo hadi siku moja au mbili kabla ya miadi, maana zitashika rangi na utatembea nazo mpaka zibadilishwe. Wenye raba nyeusi, za buluu au za kijivu hawana tatizo.

Piga mswaki wa usiku kama kawaida, usijitahidi zaidi kwa sababu ni siku ya mtihani. Paka midomo mafuta. Kama ni kidonge, kitafune, kizungushe na mate kwa nusu dakika, tema, sukutua mara moja tu. Kama ni rangi ya chakula, tone moja au mawili kwenye kijiko cha maji, chovya kijiti cha pamba, paka kila jino mbele, kisha sukutua mara moja. Washa tochi. Palipobaki na rangi kali ndipo penye ukoga. Piga picha tena. Ulimi utabaki mwekundu hadi asubuhi, usipange kikao cha ukwe siku hiyo.

Sasa soma ulichokiona.

Rangi kidogo sana, vidoa hapa na pale: mkono wako unaiweza kazi. Endelea na mswaki wa kawaida. Hela ya mswaki wa umeme nunulia vibrashi vya mwaka mzima.

Rangi chini ya waya, kati ya jino na jino: tatizo ni hatua ya 4, na mswaki wa umeme hautalitatua.

Rangi upande mmoja tu: ni tabia ya mkono. Wanaotumia mkono wa kulia naona mara nyingi wanaacha upande wa kulia, kwenye kona ya chonge, pale mkono unapojikunja kugeuka. Kesho anzia upande huo.

Mstari wa rangi kati ya vifungo na ufizi, mdomo mzima: mpito wa kwanza hujaufanya, au umeufanya mbio. Jipe wiki mbili nyingine ukiwa na saa mbele yako. Ukipima tena na mstari uko palepale, hapo mswaki wa umeme una sababu.

Rangi kwenye magego ya nyuma, hasa yaliyozungushiwa pete ya chuma badala ya kifungo: kichwa cha mswaki ni kikubwa mno. Kichwa kidogo cha duara cha mswaki wa umeme kinafika huko kwa urahisi, na hii ndiyo faida yake ninayoiona kwa macho.

Iko ishara nyingine ambayo rangi haiionyeshi. Angalia mswaki wako wa wiki mbili. Kama nywele zimeshatawanyika kama kuku aliyenyeshewa, unakandamiza mno, na fizi zitaanza kushuka. Mswaki wa umeme wenye taa ya kukuonya unapokandamiza utakufundisha haraka kuliko mimi.

8. Kama umeamua kununua, kagua mambo manne dukani.

Kwanza chaja. Umeme wetu ni volti 230 hadi 240. Geuza chaja usome maandishi madogo. Ukiona 100–240V, chukua. Ukiona 110 au 120V peke yake, achana nayo. Mama mmoja aliletewa mswaki mzuri na mdogo wake kutoka Houston. Siku ya kwanza alipochomeka, chumba kikanuka plastiki inayoungua, na mswaki ukageuka pambo la dirishani. Angalia pia pini. Miswaki mingi iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza ina plagi ya pini mbili za duara, ya soketi maalumu za bafuni za kule. Haingii kwenye soketi zetu za pini tatu. Nunua adapta. Ule mtindo wetu wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili pini mbili ziingie, tena kwa mikono iliyotoka kunawa, hapana. Inayochajiwa kwa waya wa simu ndiyo isiyo na usumbufu.

Pili, vichwa vya kubadilisha. Kabla ya kulipia mpini, uliza bei ya vichwa na uhakikishe vipo mjini kwako. Fanya hesabu: vyuma huvaliwa mara nyingi miezi 18 hadi 24, na waya huchakaza nywele, kwa hiyo kichwa hudumu miezi miwili au mitatu. Hivyo ni vichwa 6 hadi 12. Zidisha. Wapo waliokuja na mpini mzuri na kichwa kimoja cha miezi minane, kimepinda nywele zote, kwa sababu hakuna duka lenye kingine. Hapo ni afadhali wa kawaida mpya.

Tatu, aina. Uko wa kichwa cha duara kinachozunguka huku na huku, mfano Oral-B, na uko wa kichwa kirefu kinachotetemeka kwa kasi kubwa sana, mfano Philips Sonicare. Yote miwili inafaa kwa vyuma. Mimi napendelea wa duara kwa sababu unaweka jino kwa jino na unajua uko wapi, lakini anayechukia mtikisiko wake atumie mwingine. Ile ya bei ndogo ya betri mbili za tochi ambayo inatetemeka tu, ihesabu kama mswaki wa kawaida wenye kelele.

Nne, saa na onyo la kukandamiza. Hivi viwili vina thamani. Rangi, Bluetooth na staili saba za kusugua, acha.

Mgao wa umeme usikutishe. Betri nzuri ikijaa hukaa wiki mbili hivi.

9. Kuutumia mswaki wa umeme kwenye vyuma. Siku ya kwanza utakutekenya mpaka pua iwashe. Itapita. Weka dawa, uingize mdomoni, ndipo uwashe. Ukiwasha nje, kioo na ukuta vitapata dawa yao. Chagua kasi ya chini wiki ya kwanza.

Usisugue. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanausukuma huku na huku kama ule wa zamani. Kazi yako ni kuushika tu: weka kichwa juu ya kifungo upande wa ufizi, hesabu mbili, tatu, kisha kifungo chenyewe, kisha chini yake, sogea jino linalofuata. Ni ile mipito mitatu ya hatua ya 3, ila mashine ndiyo inayozunguka. Ukisikia mlio wa kugongana, plastiki kwa chuma, umepinda. Nyoosha mkono. Mingi hujizima au kutoa ishara baada ya dakika mbili. Washa tena, zunguka mara ya pili. Hatua ya 4 na ya 6 ziko palepale.

Baada ya wiki mbili, rangi tena. Weka picha mbili sambamba, ya mswaki wa kawaida na ya mswaki wa umeme. Kama hazina tofauti, mwachie mdogo wako mpini, umnunulie na kichwa chake.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Mswaki mgumu. Dhana kwamba mgumu ndio unaosafisha imekaa sana vichwani mwetu. Kwenye vyuma unaruka juu ya vifungo na kuchuna fizi, ukoga unabaki umetulia chini.

Dawa ya kung'arisha na unga wa mkaa. Mkaa unakwangua. Na sehemu iliyofunikwa na kifungo haiguswi na chochote unachopaka sasa, kwa hiyo kama kweli jino litang'aa, siku ya kuvuliwa utakuwa na vimraba vya rangi tofauti. Subiri uvuliwe.

Kuchemsha kichwa cha mswaki ili kiwe safi. Nywele zinapinda. Suuza kwa maji ya bomba, kung'uta, simamisha mahali penye hewa. Kifuniko cha plastiki ni cha safari tu, nyumbani kinafuga unyevu.

Kulaumu mswaki wa umeme kwa kifungo kilichong'oka. Ukitumiwa inavyopaswa haung'oi. Ukimhoji mtu taratibu utapata kashata, miwa, mahindi ya kuchoma, mfupa wa kuku au barafu iliyotafunwa. Mmoja alikataa katakata, baadaye akakumbuka ubuyu.

Mswaki wa mti. Naulizwa sana, hasa Ramadhani. Mti wenyewe hauna ubaya, lakini nyuzi zake haziingii chini ya waya, hivyo haubebi kazi ya usiku. Hakikisha baada ya daku umefanya hatua zote, kisha mchana tumia mti kwa upole kwenye ufizi na upande wa ndani. Ganda la mti limenye kwa kisu. Ukiling'ata kwa meno ya mbele, unaweza kuamka kwenye futari na kifungo mkononi. Na tende zinanata kwenye waya kuliko kitu chochote, sukutua mara tu unapozimaliza.

Mambo yakienda kombo

*Fizi zinatoa damu.* Usiache kupiga mswaki hapo panapotoka damu, ndipo panapohitaji zaidi. Tumia nywele laini, polepole. Kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikizidi hapo, au ufizi umevimba mpaka unapanda juu ya kifungo, mwone daktari, usisubiri miadi.

*Nywele za mswaki zinanasa kwenye waya.* Unapiga kwa kwenda mbele na nyuma. Rudi kwenye vijiduara. Zikinasa sehemu moja tu kila mara, huenda kuna ncha ya waya imechomoza. Kausha kwa pamba, bandika nta, piga simu kliniki.

*Kifungo kimeachia na kinateleza kwenye waya.* Kiache hapohapo, usikivute. Bandika nta kisikukwaruze, piga mswaki wa kawaida eneo hilo hata kama una wa umeme, na upige simu kesho yake asubuhi. Vikiachia mara kwa mara na hukumbuki kula kitu kigumu, mwambie daktari kama ulikulia maeneo ya floridi nyingi. Ganda lenye madoa makali hushika gundi kwa shida, na yeye ataangalia namna ya kuligundisha.

*Raba zimekuwa njano.* Hiyo ni manjano ya kwenye mchuzi na biriani. Ukoga hauna habari. Mswaki hautoi rangi hiyo, subiri zibadilishwe, na safari ijayo chagua raba za kijivu au buluu.

*Meno yanauma kila mswaki ukigusa.* Siku tatu nne baada ya kukazwa ni kawaida. Kwa siku hizo weka mswaki wa umeme pembeni utumie wa kawaida laini, na maji ya uvuguvugu. Jino moja linalouma peke yake zaidi ya wiki si la kuvumilia.

*Nimeona alama nyeupe ambayo kwenye picha ya kwanza haipo.* Njoo na simu yenye picha zote mbili. Usikwangue, usipake ndimu wala magadi. Ikiwahiwa inaweza kukomaa tena na kufifia. Daktari anaweza kukupaka floridi yenye nguvu hapohapo kwenye kiti, au kukuandikia dawa ya meno ya 5000 ppm ambayo haitumiwi bila maelekezo yake.

*Mtoto wa miaka 11 anasema amepiga, na rangi inasema hajapiga.* Mkabidhi kijiti cha pamba ajipake mwenyewe mbele ya kioo, wewe simama nyuma yake ukae kimya. Usiku unaofuata yeye ndiye atakayeuliza rangi iko wapi.